Jinsi ya kufuatilia ukuaji wa uvimbe wa panya wa maabara kwa picha za kitabibu

Nawaandikia wanaoanza kazi hii: madaktari wa mifugo, wataalamu wa maabara na wanafunzi wa uzamili wa Morogoro, Nairobi na Kampala wanaoniuliza wapige picha namna gani na wazisomeje. Nilisomea tiba ya mifugo Morogoro, na sasa kazi yangu ni kupiga picha panya wenye saratani katika maabara ya chuo kikuu huko Uholanzi. Nitakaa sana kwenye altrasaundi, kwa kuwa ndiyo mashine iliyo karibu na maabara za kwetu. MRI (picha za sumaku) na picha za mwanga (mwanga unaotolewa na seli zenyewe) nitazigusa, CT (eksirei za matabaka) na PET (picha za dawa yenye mionzi) nitazipitia kwa ufupi.

Kabla ya mashine yoyote, liweke hili kichwani. Picha hukupa ukubwa wa uvimbe wa siku moja. Ukuaji ni tofauti ya picha mbili, na chochote ulichokibadilisha kati ya picha hizo, iwe joto la panya, mkao wake, mkono ulioshika probu (kifaa cha altrasaundi kinachoelekezwa mwilini) au jicho lililochora mpaka, kitaingia kwenye tofauti hiyo na kuonekana kama ukuaji. Karibu kila hatua ninayoieleza hapa ni ya kuzuia hilo.

Anza na swali, kisha kikomo

Liandike swali lako kwa sentensi moja. "Dawa hii inachelewesha uvimbe ulio chini ya ngozi?" ni swali la altrasaundi. "Uvimbe wa ubongo umeshaota, na una ukubwa gani?" ni la MRI. "Seli nilizodunga kwenye mshipa zimekwenda kukaa wapi?" ni la picha za mwanga. Nimeona watu wakianza na mashine iliyopo halafu wakatafuta swali la kuifaa. Wanaishia na mamia ya picha zisizojibu kitu.

Kisha andika kikomo: panya atatolewa kwenye jaribio akifikia hali gani? Kamati nyingi za maadili huweka kipenyo cha uvimbe kati ya sentimita 1.5 na 2, au uzito wa uvimbe kufika asilimia 10 ya uzito wa mwili, au panya kupungua asilimia 20 ya uzito wake. Ongeza na dalili za macho: kidonda juu ya uvimbe, mgongo kujikunja, manyoya kusimama, kushindwa kwenda kwenye chakula na maji. Ya kwako itawekwa na kamati yako. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, Kenya ina Sura ya 360 ya sheria zake, inayozuia ukatili kwa wanyama, na huku Ulaya tunafuata agizo la mwaka 2010 linalolinda wanyama wa utafiti. Bila kibali, panya asiguswe.

Hapa ndipo picha zinapofanya kazi ninayoithamini kuliko zote. Zamani, ukitaka kujua uvimbe wa ndani ulivyo wiki ya kwanza, ya pili na ya tatu, uliua kundi zima la panya kila wiki. Leo panya yule yule unamlaza, unampiga picha, anaamka, anarudi kwa wenzake. Idadi inapungua, na kila panya analinganishwa na yeye mwenyewe. Mwaka 1959 William Russell na Rex Burch walitaja kanuni tatu zinazoongoza kazi hii mpaka sasa: tumia mbadala wa mnyama pale inapowezekana, punguza idadi, punguza mateso. Picha iliyopigwa vizuri inatimiza mbili za mwisho kwa pamoja. Iliyopigwa ovyo hairudishi chochote kwa mnyama aliyelazwa kwa ajili yake.

Kwa nini kalipa peke yake haitoshi

Maabara nyingi hupima uvimbe wa chini ya ngozi kwa kalipa, kifaa cha mkono chenye taya mbili za kupimia upana. Unapima urefu na upana, halafu unatumia kanuni hii: urefu mara upana mara upana, gawa kwa mbili. Uvimbe wa urefu wa milimita 8 na upana wa milimita 6 unatoa milimita za ujazo 144. Kalipa ni rahisi na haihitaji kumlaza panya, na mimi naendelea kuitumia siku za katikati ya picha.

Lakini iangalie kanuni hiyo. Kimo cha uvimbe hakimo. Imechukuliwa kwamba kimo ni sawa na upana. Uvimbe unaokua juu ya misuli mara nyingi huwa bapa. Altrasaundi ikikuonyesha kwamba kimo chake halisi ni milimita 4, kanuni ya umbo la yai, yaani pai gawa kwa sita, mara urefu, upana na kimo, inatoa takriban 100. Uvimbe ni ule ule, namba moja 144 na nyingine 100. Zaidi ya hapo kalipa inabana ngozi na mafuta pamoja na uvimbe, na uvimbe laini unabonyea.

Kuna jambo la hesabu ambalo kila anayeanza namlazimisha alifanye kwa mkono wake. Chukua uvimbe wa mviringo wenye kipenyo cha milimita 6: ujazo ni 113. Kosea milimita moja tu, useme 7: ujazo ni 180. Umepata "ukuaji" wa karibu asilimia 60 kutokana na milimita moja. Upande wa pili, uvimbe ulioongezeka maradufu kwa ujazo, kipenyo chake kimeongezeka asilimia 26 tu. Kwa hiyo ukitazama picha na kusema "haujabadilika sana", huenda umeshakuwa mara mbili.

Altrasaundi, hatua kwa hatua

Mashine za panya hutumia masafa ya juu, 30 hadi 50 megahezi na zaidi. Sauti husafiri mwilini kwa takriban mita 1,540 kwa sekunde, hivyo kwa megahezi 40 wimbi moja lina urefu wa mikroni 38 au 39 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Kwa megahezi 10 za mashine ya kawaida ya kliniki, wimbi ni mikroni 154. Ndiyo maana picha ya kwanza inaonyesha mpaka wa uvimbe wa milimita 2 na ya pili inaonyesha wingu. Lakini mwenye probu bapa ya megahezi 15 au 18, ile ya kupima tezi ya shingo au mishipa, asikate tamaa. Kwa uvimbe wa chini ya ngozi uliovuka milimita 5 hivi, inafanya kazi nzuri ukifuata hatua zilizo hapa chini. Ubaya wa masafa ya juu ni kina: ukivuka sentimita moja na nusu, sauti imeshachoka.

Joto kwanza. Panya wa gramu 20 hadi 30 ana ngozi nyingi kwa mwili mdogo, na akiwa usingizini hawezi kujipasha. Washa meza ya joto kabla ya kumtoa kwenye kizimba, si baada. Nataka mwili wake ukae karibu na nyuzi 37, na nampima kwa kipimajoto cha njia ya haja kubwa muda wote. Panya aliyepoa damu yake inapungua kwenye ngozi na kwenye uvimbe, moyo na pumzi vinashuka, anachelewa kuamka, na wengine hawaamki. Kama huna meza ya joto, tumia mkeka wa umeme wa nyuzi zinazojulikana na taulo juu yake. Taa ya joto iliyoning'inia inaunguza ngozi bila wewe kujua.

Nusukaputi ninayoitumia ni isoflureni ya kuvuta, kwenye oksijeni: asilimia 3 hadi 4 kwenye sanduku la kulazia, kisha 1.5 hadi 2 kwenye kofia ya pua. Mpake malhamu machoni, kwa kuwa macho yake yatakaa wazi na yatakauka. Hesabu pumzi. Zikishuka chini ya 40 kwa dakika, punguza dawa. Panya akianza kuhema kwa vipindi virefu, amezama mno. Dawa za kudunga kama ketamini na zailazini zinafaa pale ambapo hakuna mashine ya kuvuta, ila usingizi wake ni mrefu na huwezi kuurudisha nyuma kwa kugeuza kitasa, kwa hiyo mpangilio wa joto lazima uwe wa uhakika zaidi. Chochote utakachochagua, kitumie hicho hicho mpaka mwisho wa jaribio. Dawa hubadilisha mtiririko wa damu, na ukibadilisha dawa katikati umebadilisha jaribio.

Manyoya hushika hewa, na hewa huzuia sauti. Nyoa kwa mashine, kisha paka krimu ya kutoa nywele kwa muda mfupi, dakika moja hivi, na uifute kwa pamba na maji ya vuguvugu mpaka utelezi uishe. Krimu iliyosahaulika inachoma ngozi, na ngozi iliyochomeka juu ya uvimbe itakulazimisha umtoe panya huyo kwenye jaribio.

Jeli iwe ya vuguvugu na isiwe na mapovu. Chupa yangu hukaa kichwa chini usiku kucha, mapovu yanapanda yenyewe. Mwaga jeli ya kutosha ili kati ya probu na ngozi kubaki tabaka la milimita 5 hivi. Usiiweke probu juu ya ngozi. Ukiigusisha, unausukuma uvimbe kwa kidole cha plastiki. Kimo kinapungua, upana unaongezeka, na kesho utausukuma kwa nguvu nyingine. Kama picha inapinda au ngozi inaonekana imelazwa bapa, inua mkono. Bora zaidi, funga probu kwenye kishikio cha chuma na usogeze meza.

Sasa mipangilio: kina, ung'avu, mahali pa kulenga. Siku ya kwanza tafuta mipangilio inayoonyesha mpaka wa uvimbe vizuri, iandike kwenye daftari na uihifadhi ndani ya mashine kwa jina la jaribio lako. Siku zote zilizobaki itumie hiyo hiyo. Ung'avu ukiongezwa, mpaka mweupe wa uvimbe unanenepa na mchoraji atauchora kwa nje kidogo. Rudi kwenye hesabu ya milimita moja uone "kidogo" hiyo inagharimu nini.

Mashine yenye mota husogeza probu kwa hatua ndogo, mfano milimita 0.1, na kukupa matabaka yote ya uvimbe. Isiyo na mota, fanya hivi. Pita uvimbe wote polepole kutoka kichwani kuelekea mkiani mara moja bila kupima chochote, uujue umbo lake. Tafuta tabaka refu kuliko yote, ligandishe, pima urefu na kimo. Zungusha probu nyuzi 90 papo hapo, tafuta tabaka pana kuliko yote, pima upana. Kisha ondoa probu kabisa, irudishe upya, na urudie vipimo vyote vitatu. Hizo seti mbili zote ziandikwe. Usichukue ile unayoipenda.

Kurudia huko si urembo. Mwanzoni mwa jaribio chukua panya kadhaa, wapime, warudishe kizimbani waamke na kupumzika, kisha baadaye siku hiyo hiyo wapime tena, na uone vipimo viwili vya uvimbe mmoja vinatofautiana kwa kiasi gani. Ikiwa mkono wako unatofautiana kwa asilimia 15, basi uvimbe "ulioongezeka" asilimia 10 haujaongezeka kwa ushahidi wowote ulio nao. Namba hii ya mkono wako ni muhimu kuliko jina la mashine yako, na sijui kwa nini ripoti nyingi zinaiacha.

Pima mashine yenyewe pia. Kata ncha ya kidole cha glavu ya mpira, jaza maji mililita 0.2 kwa sindano ndogo, funga kwa uzi bila hewa, uizamishe kwenye jeli na uipige picha. Unapaswa kupata milimita za ujazo 200. Ukipata pungufu au zaidi kidogo, kumbuka kwamba sauti kwenye maji ya kawaida ya chumbani hukimbia kama mita 1,480 kwa sekunde, na mashine inadhani ni 1,540, kwa hiyo kina kitaonekana kirefu kwa asilimia 4 hivi. Ukipata 300, kuna tatizo la vipimo, na ni heri ulijue kabla panya hawajaanza.

MRI, kwa uvimbe usiogusika

Uvimbe wa ubongo, ini, kongosho au tezi dume hauonekani kwa kidole, na huko MRI haina mshindani kwa ubora wa picha za nyama laini. Mashine za panya mara nyingi ni za tesla 7 au 9.4 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), wakati za hospitali ni 1.5 na 3. Nguvu hiyo ndiyo inayotuwezesha kupata nukta za picha (pikseli) za milimita 0.1 na matabaka ya milimita 0.5 katika kichwa chenye ukubwa wa tende. Picha ya kufuatilia ukubwa ni ile inayoitwa T2, ambamo maji yanang'aa na uvimbe mwingi unatokea mweupe kuliko nyama inayouzunguka.

Ikiwa huna mashine ya panya, wapo wanaotumia ya hospitali ya tesla 3 kwa koili (antena ya kupokea ishara) ndogo ya mkono au kidole, baada ya saa za wagonjwa na kwa kibali cha usafi. Inawezekana, ila ukubali matabaka manene.

Mambo matatu ya kuangalia. Kwanza, chuma. Hereni ya chuma sikioni hairuhusiwi kabisa, na hata chipu ya utambulisho iliyowekwa chini ya ngozi ya shingo huacha tundu jeusi kwenye picha na kupinda kila kilicho jirani. Panya wa uvimbe wa ubongo tambulisha kwa alama ya kukata sikio tangu siku ya kwanza. Ukiweka chipu shingoni huna namna ya kurudi nyuma. Pili, pumzi. Kwa ini na kongosho mashine ioanishwe na pumzi, ichukue picha panya anapotulia baada ya kutoa hewa, la sivyo uvimbe utatokea na mpaka uliofifia. Tatu, mkao. Meno kwenye kishikio, kichwa kisigeuke, na matabaka yapangwe kwa alama za mwili zisizokua, mfano mwisho wa mbele wa ubongo, siyo kwa kukadiria.

Ujazo hapa haupatikani kwa kanuni ya yai. Unachora mpaka wa uvimbe kwenye kila tabaka, unapata eneo lake, unajumlisha na kuzidisha kwa nafasi kati ya tabaka na tabaka. Tuseme maeneo ni 4, 12, 21, 26, 22, 13 na 5, jumla 103, na nafasi ni milimita 1: ujazo ni milimita za ujazo 103. Nimesema nafasi, sikusema unene. Kama matabaka ni ya milimita 0.8 na kati yake kumeachwa pengo la 0.2, unazidisha kwa 1. Watu wengi huzidisha kwa 0.8 na kupoteza sehemu ya tano ya uvimbe wao.

Programu za kuchorea hazihitaji fedha: 3D Slicer, ITK-SNAP na Fiji zinapakuliwa bure na zinafungua faili za DICOM, muundo wa kawaida wa picha za kitabibu. Kabla ya kuchora, thibitisha kwamba programu imesoma vipimo vya nukta kutoka kwenye faili. Picha iliyogeuzwa kuwa JPEG imeshapoteza vipimo hivyo, usiitumie kupimia.

Sheria ya mpaka iandikwe mapema. Uvimbe mkubwa mara nyingi una katikati iliyokufa, kwa kuwa damu haifiki. Unaihesabu au huihesabu? Mimi naihesabu ndani ya ujazo wote, kisha naipima peke yake kama namba ya pili. Maji yaliyouzunguka uvimbe je? Nayaacha nje. Yeyote atakayeamua tofauti na mimi hana kosa, mradi asibadilishe katikati. Na anayechora asijue panya yupi amepewa dawa na yupi hakupewa. Mwombe mtu mwingine abadilishe majina ya faili kuwa namba tupu na akae na ufunguo mpaka uchoraji uishe. Jicho linalotamani dawa ifanye kazi huchora mpaka kwa ndani, hata jicho la mtu mwaminifu.

Picha za mwanga

Kuna saratani ambazo hazina uvimbe wa kuupima. Limfoma na leukemia, saratani za seli nyeupe za damu, zikidungwa kwenye mshipa hukaa kwenye uboho, wengu na uti wa mgongo. Mstari wa seli (seli zinazoendelea kuoteshwa maabara) uitwao Daudi, uliotokana na limfoma ya Burkitt mwaka 1967, unatumika sana katika majaribio ya aina hii. Ugonjwa huo una historia ya kwetu: Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958 akiwa daktari wa upasuaji katika hospitali ya Mulago, Kampala, na uvimbe wake kwa watoto ni miongoni mwa unaokua haraka kuliko wote kwa binadamu. Kila ninapolaza panya wa jaribio kama hilo nakumbuka kwamba swali lake lilianzia wodi za Afrika Mashariki.

Seli hupewa jeni ya lusiferesi, kimeng'enya cha kimulimuli. Ukimdunga panya lusiferini, seli zilizo hai hutoa mwanga, na kamera iliyopozwa ndani ya sanduku la giza huuhesabu. Kipimo cha kawaida ni miligramu 150 kwa kilo. Panya wa gramu 20 anapata miligramu 3. Lusiferini ikiwa miligramu 15 kwa mililita, hiyo ni mililita 0.2 tumboni. Mpime uzito siku hiyo hiyo, siyo wa wiki iliyopita.

Mwanga hupanda, hufika kilele kati ya dakika 10 na 20, kisha hushuka, na kilele hutofautiana kati ya modeli na modeli. Kwa hiyo siku ya kwanza piga picha kila dakika mbili mpaka uone mwanga unashuka. Baada ya hapo unajua dakika yako na unaishikilia. Sindano ikiingia kwenye utumbo badala ya nafasi ya tumbo, mwanga utakuwa hafifu siku hiyo na utadhani dawa imefanya maajabu. Ukiona panya mmoja ameshuka ghafla wakati wenzake wamepanda, mrudie kesho yake kabla ya kuandika chochote.

Namba hii ni ya seli hai zenye oksijeni. Uvimbe mkubwa wenye katikati iliyokufa unaweza kuongezeka ujazo huku mwanga ukisimama. Manyoya meusi hunywa mwanga, hivyo nyoa panya weusi au tumia weupe au wasio na manyoya, na usilinganishe weusi na weupe. Uvimbe wa ndani hutokea hafifu kuliko wa juu hata kama una seli sawa. Tumia mwanga kulinganisha panya na yeye mwenyewe, mahali pale pale.

CT na PET

CT ndogo inafaa mapafu, ambamo uvimbe mweupe unasimama wazi kwenye hewa nyeusi, na mifupa. Kwa ini bila dawa ya kuongeza mwonekano utaona kijivu juu ya kijivu. Hesabu mionzi: picha moja huweza kumpa panya kuanzia makumi hadi mamia ya miligrei (kipimo cha mionzi inayoingia mwilini) kulingana na ubora unaoutaka. Ukirudia kila wiki, inajumlishana, na mionzi yenyewe inaweza kupunguza kasi ya uvimbe unaoupima. Kundi lisilopewa dawa lipigwe CT idadi ile ile ya mara.

PET ya sukari iliyobandikwa florini 18, florini yenye mionzi, huonyesha uvimbe unavyokula, siyo ukubwa wake. Panya afunge kula kwa saa chache, na apashwe joto tangu kabla ya kudungwa, vinginevyo mafuta ya kahawia ya mabegani yatang'aa kuliko uvimbe. Florini 18 hupungua nusu kila dakika 110, kwa hiyo saa ya kudunga na saa ya kupiga picha ziandikwe kwa dakika.

Kutoka picha hadi kasi ya ukuaji

Mgawo wa makundi ufanyike baada ya uvimbe kushika, wengi husubiri kama milimita za ujazo 100. Panga panya kwa ukubwa wa uvimbe, kisha wagawe kwa kura ili kila kundi liwe na wadogo na wakubwa. Ukigawa kwa vizimba, utakuwa unalinganisha vizimba.

Ratiba ya picha ifuate kasi ya uvimbe. Unaoongezeka maradufu kwa siku 4 upigwe mara mbili kwa wiki. Wa polepole mara moja yatosha. Kumlaza panya kila siku kunampunguza uzito, na panya aliyekonda si panya yule uliyeanza naye.

Kasi huhesabiwa hivi: chukua siku zilizopita kati ya vipimo viwili, zidisha kwa logi asilia ya 2, yaani 0.693, gawa kwa logi asilia ya ujazo wa pili gawa kwa wa kwanza. Uvimbe wa 120 siku ya 10 uliofika 480 siku ya 18 umeongezeka mara nne, yaani umejirudufu mara mbili ndani ya siku 8. Muda wa kujirudufu ni siku 4. Usitegemee picha mbili tu. Chora vipimo vyote kwa mhimili wa logi: ukuaji wa kasi moja hutokea kama mstari ulionyooka, na pale unapopinda ndipo dawa ilipoanza kazi, au ilipochoka.

Chora mstari wa kila panya peke yake kabla ya kuchora wastani. Wastani una mtego mkubwa. Tuseme kundi lina panya watano wenye uvimbe wa 300, 400, 500, 1,500 na 1,800. Wastani ni 900. Wawili wakubwa wanafikia kikomo na kutolewa. Siku inayofuata waliobaki wamekua hadi 400, 500 na 600, na wastani ni 500. Kila uvimbe umekua na mchoro wako unashuka. Simamisha mchoro wa wastani siku panya wa kwanza anapotoka, na kuanzia hapo eleza kundi kwa muda ambao kila panya alichukua kufika ukubwa fulani uliouchagua mapema.

Jihadhari pia na tiba zinazoita kinga ya mwili au za mionzi. Uvimbe unaweza kuvimba kwanza kwa seli za kinga na maji, kisha ukanywea. Ukipima ujazo peke yake wiki ya kwanza utaitupa dawa nzuri. Kama MRI ipo, ongeza picha za mwendo wa maji: seli zinapokufa, maji hutembea kwa uhuru zaidi, na mara nyingi namba ya mwendo huo hupanda kabla ujazo haujashuka.

Kwenye daftari kila picha iwe na namba ya panya, uzito wa asubuhi hiyo, saa, aina na kiwango cha nusukaputi, joto mwanzo na mwisho, jina la aliyepiga, na chochote kilichokwenda kando. Baada ya picha panya akae kwenye kizimba cha joto peke yake mpaka asimame na kutembea. Ukimrudisha kwa wenzake bado amelegea, wanaweza kumng'ata.

Panya anapofika kikomo na kulazwa mara ya mwisho, mpige picha akiwa bado kwenye usingizi huo, kisha uvimbe utolewe, usafishwe mafuta na uwekwe kwenye mizani ile ile siku zote. Uzito mahususi wa uvimbe uko karibu na ule wa maji, kwa hiyo milimita za ujazo 500 ziwe karibu na gramu 0.5. Weka namba zote kwenye mchoro mmoja, picha upande huu na mizani upande ule. Zikikaa juu ya mstari, picha zako za wiki zote zilizopita zina mdhamini. Zikipotoka kwa kiasi kile kile kwa kila panya, tafuta kosa kwenye vipimo vya nukta au nafasi za matabaka na usahihishe zote kwa pamoja. Zikitawanyika ovyo, fungua upya michoro ya mipaka, anza na panya aliyepotoka kuliko wote, na mpe mtu wa pili achore bila kuiona ya kwanza.